Kamba, Gogo na Farasi wa Mzee: Methali za Kichina Zinapofika Rufiji

Siku moja, katika miaka ya mwanzo ya utawala wa ukoo wa Song, Zhang Yong, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Chongyang huko China, alimwona karani akitoka hazina na sarafu imejificha chini ya kilemba chake. Akamuuliza imetoka wapi. Karani akakiri kuwa ni ya serikali. Zhang akaamuru achapwe viboko, na karani akapandisha hasira: yote haya kwa sarafu moja? Kunichapa utanichapa, lakini kuniua huwezi. Zhang akachukua kalamu akaandika hukumu. Aibaye sarafu moja kila siku, kwa siku elfu ataiba elfu. Hivyo ndivyo kamba inavyokata mti kama msumeno, na ndivyo maji yanavyotoboa jiwe kwa kudondoka. Alipomaliza kuandika alichomoa upanga, akateremka ngazi za baraza, akamkata kichwa kwa mkono wake. Kisha akajipeleka kwa wakubwa wake kueleza alichofanya.

Zhang alifariki mwaka 1015. Kisa chake kiliandikwa na mwanachuoni Luo Dajing katika karne ya 13, na maneno ya hukumu ile yakabaki vinywani mwa watu hadi leo. Ila damu imeyatoka. Mwanafunzi wa Kichina anayeandika insha siku hizi huyatumia kusifu bidii: soma kidogo kidogo, usikate tamaa, kamba itakata mti. Onyo kwa mwizi limegeuka kuwa moyo kwa mvumilivu, na wengi wanaolitumia hawana habari ya karani wala upanga.

Nimeanzia Chongyang kwa sababu pwani yetu ina msemo unaokaribia huo hadi mtu unashangaa: papo kwa papo kamba hukata jiwe. Ni msemo wa miji ya mawe. Kila aliyechungulia kisima cha zamani cha Mombasa, Lamu au Kilwa ameona mifereji kwenye kingo zake, iliyochimbwa na kamba za ndoo kwa vizazi. Kamba imo, kukata kumo, muda umo. Ungedhani mfasiri wa Kichina na Kiswahili hana kazi hapa, aweke huu mahali pa ule aende zake.

Lakini sasa njoo Chumbi. Ukitoka Kibiti kwenda kusini, ukapita Ikwiriri na kuvuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea watu adha ya kivuko cha Ndundu, Chumbi iko mbele yako kwenye barabara ya Lindi. Kiutawala ni kata ya wilaya ya Rufiji. Kibiti ilikatwa kutoka wilaya hiyo na kuwa wilaya yake miaka ya karibuni. Mto Rufiji hapa umejenga nchi kwa tope na mchanga, na watu wake, Warufiji, Wandengereko na Wamatumbi, wameishi kwa mpunga, uvuvi na mtumbwi. Kisima chenye kingo za matumbawe si picha ya kila siku kwao. Gogo wanalijua. Mtumbwi ni gogo lililotolewa kibanzi baada ya kibanzi mpaka likawa chombo, na ukimwambia mtu wa Rufiji bandu bandu huisha gogo, huhitaji kumfafanulia. Kwa hiyo kwa maneno ya Zhang Yong tuna methali mbili za Kiswahili, zote sahihi, na moja inakaa vizuri zaidi Mombasa, nyingine vizuri zaidi mtoni. Mfasiri anayejua lugha tu hatambui tofauti hiyo. Anayejua nchi anaitambua.

Kazi ya kulinganisha methali za mataifa ilishika kasi karne ya 19, na wengi walioifanya walikuwa wamisionari. Mwingereza William Scarborough, aliyehudumu Hankou, alichapisha mkusanyo wa methali za Kichina zaidi ya 2,000 mwaka 1875. Mmarekani Arthur Smith, aliyeishi Shandong, akafuata na kitabu chake mwaka 1888. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1891, W. E. Taylor wa misheni ya Mombasa akatoa mkusanyo wa methali za Kiswahili mjini London. Watu hawa waliishi nchi mbili tofauti, lakini walitaka jambo moja: kuhubiri kwa maneno ambayo msikilizaji tayari anayaamini. Wakagundua kwamba njia fupi ya kumwelewesha msomaji wao wa Ulaya ni kuiweka methali ya kigeni kando ya methali ya Kiingereza inayofanana nayo. Kamba ya Kichina ikakutana na tone la maji la Waingereza, nalo ni tone walilolirithi kwa Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeliimba akiwa uhamishoni kwenye Bahari Nyeusi.

Sisemi kwamba njia hiyo ni mbaya. Taylor namheshimu. Alikijua Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kwa kina ambacho wageni wachache walikifikia, na hakukijua peke yake: alikuwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi wa Mombasa ambaye bila yeye hata mashairi ya Muyaka, mshairi wa Mombasa, yangetupotea mengi. Mwaka 1958 Mzanzibari S. S. Farsi alipotoa kitabu chake cha methali za Unguja kwa Kiswahili na Kiingereza, aliendeleza kazi ileile, safari hii mwenyeji akiwa ndiye mwandishi na si mtoa habari aliyefichwa nyuma ya jina la mgeni. Hilo lilikuwa badiliko kubwa, na linastahili kutajwa zaidi ya linavyotajwa.

Hatari ya njia ile ya wamisionari ni hii: methali mbadala humpa msomaji raha ya haraka ya kusema, ah, kumbe hata sisi tunayo. Akishaisema hiyo, haulizi tena. Karani wa Chongyang hatamjua kamwe.

Rufiji yenyewe ina uzoefu mrefu na mchungu wa kutafsiriwa. Ngarambe na Mohoro, kama Chumbi, ni kata za wilaya ya Rufiji. Ngarambe ndiko Kinjeketile Ngwale alikotokea mwaka 1904 na habari za maji ya kuwakinga watu na risasi za Wajerumani; Mohoro ndiko aliponyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vimewaka siku chache tu. Habari zake zilisambaa kwa minong'ono, kwa lugha za Wamatumbi na majirani zao, ambazo watawala hawakuzisikia. Miaka ya 1960, watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kuzungumza na wazee waliokumbuka, wakaandika kwa Kiswahili, wakatafsiri kwa Kiingereza. Kisha Ebrahim Hussein akaandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, na mwaka uliofuata akaitoa kwa Kiingereza kwa mkono wake mwenyewe. Fikiria safari ya maneno yale: kutoka kinywa cha Mmatumbi hadi daftari la mtafiti, kutoka daftari hadi jukwaa la Kiswahili, kutoka jukwaa hadi kitabu cha Kiingereza. Hussein alifanikiwa kwa sababu hakutafuta kisa cha Ulaya kinachofanana na Maji Maji ili akiweke mahali pake. Aliiacha Rufiji iwe Rufiji, mto ukiwamo.

Kichina kiliingia katika hadithi hii miaka hiyohiyo. Abdulrahman Mohamed Babu, mwanasiasa wa Zanzibar, alikuwa amekwisha kwenda China kabla Zanzibar haijapata uhuru. Mwaka 1961 Redio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili, na vyuo vya Beijing vikaanza kufundisha vijana wa Kichina lugha hii. Mwaka 1965 Nyerere alikwenda China mwezi Februari, na Zhou Enlai akaja Dar es Salaam mwezi Juni. Mwaka 1967 kitabu kidogo chekundu cha Mao kikapatikana kwa Kiswahili, kimechapwa Peking. Kwa mara ya kwanza misemo ya Kichina ilikuwa inakuja kwetu kwa wingi, na ilikuja kupitia watu waliojifunza Kiswahili darasani, maelfu ya maili kutoka pwani.

Msemo mmoja wa zama hizo ulikaa. Mao, katika mahojiano na mwandishi Mmarekani Anna Louise Strong mwaka 1946, alimfananisha adui wake na mnyama wa karatasi: anatisha kwa mbali, mvua ikinyesha analowa na kuanguka. Mnyama wa Kichina ni yule paka mkubwa wa Asia mwenye milia, ambaye Afrika haina. Kwa Kiswahili akawa chui wa karatasi. Uamuzi huo ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa wa busara. Aliyeufanya angeweza kuandika chui milia, jina la vitabuni, na msemo ungekufa siku ileile. Aliacha milia, akabaki na meno. Leo mtu anaweza kuiita sheria isiyotekelezwa chui wa karatasi bila kujua kwamba anazungumza Kichina. Kwa Rufiji pengine simba angefaa zaidi, kwa kuwa kati ya 2002 na 2004 simba mmoja wa huko aliua watu zaidi ya 30 kabla ya kupigwa risasi, na hofu yake ilikuwa ya kweli kila jioni. Hata hivyo chui ametosha.

Mwingine haukukaa vizuri hivyo. Katika kitabu cha kale cha Liezi kuna mzee wa karibu miaka 90 aliyekerwa na milima miwili iliyoziba njia ya nyumba yake. Akaanza kuichimba na wanawe. Mtu mmoja akamcheka. Mzee akajibu kwamba akifa yeye watachimba wanawe, kisha wajukuu, na milima haiongezeki kimo. Mao alikisimulia kisa hiki mwezi Juni 1945, akikiita ubeberu na ukabaila milima miwili ya China. Tatizo ni jina. Kwa Kichina mzee huyo anaitwa kwa neno la upumbavu, na Mchina anayesikiliza anajua tangu mwanzo kwamba mpumbavu ndiye atakayeonekana mwenye hekima. Kwetu, kumwita mzee wa umri huo mpumbavu, hata kwa hadithi, ni kumvunjia heshima kabla hajafungua mdomo. Msikilizaji wa pwani anakwama hapo, na hoja inampita.

Bado kisa hicho kilikuwa na wafanyakazi wake nchini. Mkataba wa reli ya TAZARA ulitiwa saini mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako mlima ulitobolewa handaki baada ya handaki. Wakalimani walikuwa wachache, na mafundi wa Kichina mara nyingi walifundisha kwa vitendo: tazama ninavyofanya, kisha fanya. Mito inayokatwa na reli pale Mlimba huingia Kilombero, na Kilombero ukikutana na Luwegu ndipo Rufiji unapozaliwa. Maji yaliyopita chini ya madaraja ya Wachina yaliteremka hadi bonde lililo chini ya Chumbi, na kutoka hapo yakaingia kwenye mikoko ya delta.

Kuna methali moja ya Kichina ambayo naamini imeandikiwa bonde hili, ingawa aliyeitunga hakulijua. Inatoka katika Huainanzi, kitabu kilichokusanywa chini ya mwanamfalme Liu An karne ya pili kabla ya Kristo. Mzee aliyeishi karibu na mpaka alipotelewa na farasi, aliyekimbilia kwa maadui. Watu wakaja kumpa pole. Akasema: mnajuaje kama hii si heri? Baada ya miezi farasi akarudi na farasi mwingine mzuri. Watu wakaja kumpongeza. Akasema: mnajuaje kama hili si balaa? Mwanawe akampanda farasi yule, akaanguka, akavunjika mguu. Pole tena, na jibu lilelile. Mwaka mmoja baadaye maadui wakavamia, vijana wote wenye afya wakapelekwa vitani, na tisa kati ya kila kumi wakafa. Kijana kilema akabaki nyumbani na baba yake.

Waingereza huitafsiri kwa msemo wao unaosema kwamba baraka huja imevaa sura ya balaa. Ni tafsiri inayosomeka vizuri, na wengi wanaotafsiri Kichina kwenda Kiswahili kupitia Kiingereza huichukua hivyo. Lakini imebeba nusu tu. Mzee hakusema tu kwamba balaa linaweza kuwa heri. Alisema pia kwamba heri inaweza kuwa balaa, na aliwanyamazisha waliokuja kushangilia kama alivyowanyamazisha waliokuja kulia. Kiingereza kimechukua faraja, kimeacha onyo. Kiswahili tukiongeza tafsiri juu ya tafsiri tunabaki na maneno ya kumfariji mfiwa, na yule mzee asiyefurahi haraka anatoweka kabisa.

Mtu wa Rufiji hahitaji farasi kuielewa. Mafuriko ya mto huu yanapokuja, huchukua mpunga uliokuwa shambani. Yakishuka, huacha udongo mpya wenye unyevu, na hapo hupandwa mlau: mahindi, kunde, maboga, mazao yanayokua kwa maji ya chini ya ardhi baada ya mvua kwisha. Mafuriko pia hujaza maziwa ya bondeni na kuyaingizia samaki. Mwaka usio na mafuriko ni salama kwa nyumba, na ni mwaka wa maziwa yanayokauka na mlau unaokosa unyevu. Wakulima wa hapa walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili wakae na mto badala ya kuukimbia.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali ilifanya Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye ardhi ya juu, katika vijiji vipya. Nia ilikuwa kuwaokoa, na shule na zahanati zilikuwa rahisi kupelekwa kwa watu waliokaa pamoja. Lakini udongo mzuri ulibaki bondeni, na wengi waliendelea kushuka kulima, wakilala kwenye madungu msimu mzima mbali na nyumba zao mpya. Kwa maoni yangu, wapangaji waliusoma mto kama Waingereza walivyomsoma mzee wa farasi: waliona upande mmoja. Waliona balaa, wakaliondoa, na heri iliyokuwa ndani yake ikabaki upande wa pili wa kilima, ikimsubiri mkulima aifuate kwa miguu.

Hoja hiyo haijazeeka. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji mwezi Desemba 2022, juu ya mto. Aprili 2024 maji yalifunika nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na mjadala wa nini kilaumiwe, mvua au bwawa, ukajaa kila mahali. Katika mjadala ule walisikika sana wanaohesabu hasara ya maji yaliyokuja. Wanaohesabu hasara ya maji yasiyokuja, siku bwawa likizuia mafuriko madogo yanayolisha mlau, hawakupata nafasi kubwa. Yule mzee wa mpakani angewauliza swali lake wote wawili.

Siku hizi daraja la lugha limepanuka. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Watu waliipenda kwa sababu ugomvi wa mkwe na mkaza mwana hauna mpaka. Kwa mfasiri, hata hivyo, uingizaji sauti ni mtihani mkali. Nahau ya Kichina mara nyingi ina silabi nne tu. Papo kwa papo kamba hukata jiwe ina kumi na mbili. Mwigizaji wa Kichina amekwisha kufunga mdomo, na sauti ya Kiswahili bado iko kwenye kamba. Mfasiri hulazimika kukata, na kinachokatwa kwanza huwa ni picha: kamba, jiwe, farasi. Hubaki maana tupu, ambayo ingeweza kusemwa na mtu yeyote popote.

Katika kitabu hakuna mdomo unaomkimbiza mfasiri, na hapo sioni sababu ya kukubali hasara hiyo. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013, na sasa wapo Watanzania wanaosoma Kichina moja kwa moja bila kupitia Kiingereza. Hao ndio wanaoweza kutuandikia kitabu cha methali za Kichina na Kiswahili kinachostahili kurithi kazi ya Sikujua na Farsi. Ombi langu kwao ni kwamba wasikiandikie Dar es Salaam peke yake. Wavuke Daraja la Mkapa, washuke Chumbi, wawasimulie wazee kisa cha farasi bila kutaja maana yake, kisha wanyamaze wasikilize watajibiwa nini. Wawasikilize kwa Kindengereko na Kimatumbi pia, maana majibu mengine hayataletwa kwa Kiswahili, na mengine hayajawahi kuandikwa na yeyote.